Kasongo na Nyangwe: historia ipo, ni nani atakayeongoza wageni?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina maeneo matano kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni ya misitu na wanyama. Hakuna mji wa kale hata mmoja. Jirani zetu wa Angola waliingiza Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa Kongo, mwaka wa 2017, ingawa sehemu ya ufalme huo ilikuwa upande wetu wa mpaka.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, pengo hilo linaonekana zaidi katika jimbo la Maniema. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ilikuwa soko kubwa la wafanyabiashara kutoka pwani tangu miaka ya 1860. Livingstone alifika huko mwaka wa 1871, Cameron mwaka wa 1874, Stanley mwaka wa 1876. Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Pembe za ndovu na watumwa walitoka hapa kwenda Ujiji, Tabora na Zanzibar. Kiswahili, dini ya Kiislamu na kilimo cha mchele vilisafiri njia hiyohiyo kuja kwetu.

Mwaka wa 1893, majeshi ya Leopold wa Pili yakiongozwa na Dhanis, pamoja na wapiganaji wa Gongo Lutete, waliteka Nyangwe mwezi wa tatu na Kasongo mwezi wa nne. Baadaye Wabelgiji walihamisha mji. Mahali pa zamani pakabaki na jina la Tongoni, yaani mahame. Jina lenyewe ni ushahidi.

Ushahidi mwingine uko chini ya udongo na vichwani mwa wazee. Watafiti Wacongomani na wa Ulaya walifanya uchunguzi wa akiolojia Kasongo-Tongoni na kukusanya simulizi za wakaaji, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Antiquity. Lakini jarida la Kiingereza halimfikii mwanafunzi wa Kindu. Muongozaji mwenye kujua habari hizo angemfikia.

Wenzetu wa Tanzania wanafanyaje? Anayetaka kuona Kilwa Kisiwani hupata kibali kwanza, kisha huvuka kwa mashua akiwa na muongozaji. Huyo humpitisha kwenye Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Kilwa pia iliwahi kuwa hatarini: UNESCO iliiweka kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka wa 2004, na kuiondoa mwaka wa 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Maniema haina majumba ya mawe kama ya Kilwa. Barabara ya Kindu hadi Kasongo ni taabu, hasa wakati wa mvua, na vita ya Kivu inawatia hofu watalii wa mbali. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu 1971, lakini sheria bila mlinzi haizuii jembe wala mchimba dhahabu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dola za watalii zitakuja kesho. Wageni wa kwanza wanapaswa kuwa wanafunzi, walimu na wakaaji wa jimbo wenyewe.

Hata hivyo, swali gumu zaidi ni hili: muongozaji atasema nini? Kitabu cha kikoloni kilisema Wabelgiji walikuja kuwakomboa watumwa, kikanyamazia pembe na mpira waliochukua wao. Kwa wengine, Tippu Tip ni mtu aliyeleta Kiswahili na dini. Lakini tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa wafanyabiashara hao waliwafyatulia risasi watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Livingstone aliyaona kwa macho yake, na habari hiyo ilisaidia kuongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa Zanzibar mwaka wa 1873. Wazao wa waliouza na wa waliouzwa wanaishi kijiji kimoja leo, wanaswali msikiti mmoja.

Muongozaji akichagua upande, matembezi yatageuka ugomvi. Akisema yote, kila mtu atajikuta ndani ya historia hiyo.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi: kuweka alama Tongoni na kwenye soko la zamani la Nyangwe, kufundisha vijana wachache pamoja na walimu wa historia, na kurekodi wazee sasa. Mawe yanaweza kusubiri wachimbaji wa kesho. Mzee anayejua kaburi la nani liko wapi hatasubiri.