Mbuzi aliyezaa si "it"

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonikera katika ufundishaji wa Kiingereza kwenye shule zetu za msingi.

Binti yangu aliandika insha kuhusu mbuzi wetu aliyezaa pacha usiku wa mvua. Alimtaja kwa "she". Mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu kila lilipotokea, akaweka "it", na pembeni akaandika: mnyama si mtu. Mtoto alirudi nyumbani amenuna.

Kanuni haiko hivyo. "It" hutumika zaidi kwa mnyama ambaye jinsia yake haijulikani. Mwenye jina, au anayejulikana kuwa jike au dume, huitwa "she" au "he" na si kosa kabisa. Jane Goodall, aliyeanza kuchunguza sokwe wa Gombe, hapa hapa kwetu Kigoma, mwaka 1960, alibadilishiwa maneno hayo kuwa "it" katika makala yake ya kwanza ya kisayansi. Alikataa, akayarudisha, na yakachapishwa.

Naiomba Taasisi ya Elimu iwape walimu mwongozo ulio wazi. Nanyi walimu mnaosoma gazeti hili, mnasahihishaje?

Mzazi,
Kigoma