Tujifunze Kiingereza: "Everybody" ni mmoja

Mwezi huu tuangalie "everybody", "somebody" na "nobody".

Sisi tunasema: watu wote wametoka. Ni wengi. Basi mwanafunzi anaandika: "Everybody are out." Hapana! Kiingereza kinawahesabu kama mtu mmoja: "Everybody is out." Kumbuka Kifransa: "tout le monde est sorti." Ni namna moja.

Tena tunasema: mtu yeyote hayuko ndani. Usitafsiri neno kwa neno, "Anybody is not inside" ni kosa. Sema: "Nobody is inside." "Nobody" imekwisha kubeba ile "hapana"; usiongeze "not" ingine.

Sasa angalisho. Wamoja wametoka mu shimo, wengine wangali chini. Ukisema "Everybody is not out", huyu atasikia kwamba hakuna aliyetoka, yule atasikia kwamba wamebaki wachache. Sema wazi: "Not everybody is out", ao "Somebody is still inside." Neno kuwa mahali pake linaweza kuokoa mutu.

Zoezi la jioni, baba na mama wasikilize: sahihisha "Nobody don't know." Jibu: "Nobody knows." Musisahau ile "s"!