Barua ya mchungaji si ufunguo wa tribinali

Huku kwetu Kiringye, mama akisema anataka kushuka Uvira kuomba talaka, huulizwa kwanza: "Umeishapata barua ya kanisa?" Wengi wetu tunaamini kwamba hakimu hapokei kesi ya ndoa mpaka mchungaji aandike kwamba mashauri yameshindikana. Tuangalie sheria yenyewe.

Sheria ya familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema talaka hutolewa na tribinali, na anayeiomba aonyeshe kwamba ndoa imebomoka kabisa. Lakini kabla kesi haijasikilizwa, hakimu wa tribinali ya amani humsikiliza aliyekuja, halafu huwaita mume na mke mbele yake na kujaribu kuwapatanisha. Wakikataa, kesi inaendelea. Basi upatanisho ni wa lazima, ila ni kazi ya hakimu. Barua ya kanisa haimo.

Nafikiri wazo hili limevuka ziwa. Ndugu zetu wengi waliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na Tanzania mambo ni tofauti. Kule, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa. Hata jumuiya ya dini inaweza kukubaliwa na serikali kuwa na baraza lake. Lakini hata huko mahakama inaweza kusamehe hatua hiyo, kwa mfano mwenzi akitoroka asijulikane alipo. Kenya, sheria ya 2014 inasema waliofunga ndoa ya kikristo wanaweza kutafuta upatanisho kanisani. Wanaweza, hawalazimishwi.

Mbona jambo hili ni zito? Kwa sababu mama anayepigwa usiku anangoja barua, na kamati inaahirisha: leo mzee mmoja yuko shambani, juma lijalo kuna semina. Anarudishwa nyumbani "akaombe". Najua tutakumbushwa 1 Wakorintho 6. Ila Paulo alisema juu ya ndugu wanaodaiana. Kumpiga na kumjeruhi mke ni kosa la jinai, na mashauri yetu hayalifuti.

Kuna kosa la upande mwingine pia. Jamaa zinakutana, mali inarudishwa, wazee wanasema "wameachana", na kila mtu anashika njia yake. Kama ndoa iliandikwa kwa leta, mbele ya sheria hao wangali mume na mke. Bwana akienda kwa leta kuandikisha mke mwingine, anajitia mashakani, na mama wa kwanza anabaki bila hukumu inayosema watoto wanakaa na nani, wala shamba linagawanywaje.

Sisemi kamati za ndoa zifungwe. Nyumba nyingi za bonde hili la Ruzizi zimesimama kwa sababu mzee fulani alikaa na watu wawili mpaka usiku. Wazee hao waendelee. Lakini mama akiwauliza kama bila barua yao atafukuzwa tribinalini, wamjibu kweli: hapana. Na kama hana nauli ya kufika Uvira, shemasi ajue hilo nalo ni hitaji.