Tusiishie kwa refa: kila tawi likae, liirudie mechi ya Novemba

Tangu matokeo ya Novemba 27, 2024 yatangazwe, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna kauli moja inazunguka kuliko zote: refa alikuwa wao. Ni kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulisimamiwa na TAMISEMI, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla kampeni hazijaanza, na CCM ikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Hakuna anayewaomba msahau hayo.

Lakini makamanda, tuulizane. Timu imefungwa pale Uwanja wa Mkapa, kocha anaingia chumba cha kubadilishia nguo, anamtukana refa saa nzima, halafu anaruhusu watu waende nyumbani. Mechi inayofuata watacheza vipi? Vilevile.

Na sisi tumeshacheza vilevile. Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, nyingi ya sababu zikiwa za fomu. Vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Miaka mitano baadaye, fomu zilezile, filimbi ileile. Swali la kujiuliza Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande ni hili: tawi lako lilikuwa na karatasi yoyote inayosema 2019 tulikwamia wapi na safari hii tutafanya nini?

Hata ushindi hatuuandiki. Desemba 2014 upinzani ulichukua mitaa mingi hapa Dar, na mwanzoni mwa 2016 Kinondoni ikapata meya wa upinzani, Boniface Jacob. Mbinu za nyumba kwa nyumba za wakati ule ziko wapi? Ziko kichwani mwa watu. Na watu wanahama. Wabunge waliochaguliwa 2015 majimbo ya Kinondoni na Temeke kwa tiketi ya CUF, Maulid Mtulia na Abdallah Mtolea, wote walihamia CCM kabla muhula haujaisha. Kumbukumbu ya chama ikikaa kichwani mwa mtu, siku akiondoka anaondoka nayo.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi la vijana likae kikao kimoja cha tathmini, saa moja na nusu, si zaidi. Vifaa ni karatasi, kalamu na ukuta. Tuukalie kama timu inayoirudia mechi yake.

Kwanza, tupange dakika za mchezo. Andikeni ukutani: Oktoba 11 hadi 20, uandikishaji. Kisha kuchukua na kurudisha fomu. Novemba 20 hadi 26, kampeni. Novemba 27, kura. Kila mtu aseme alikuwa wapi na alifanya nini. Hapa hakuna maoni, ni matukio tu. Mtashangaa wangapi waliamka kwenye kampeni wakati mechi ilishaanza kwenye uandikishaji.

Pili, kila mtu aandike kimyakimya, bila jina, kwenye mafungu matatu. Pasi safi: kilichotusaidia. Bao la kujifunga: tulichoharibu wenyewe. Refa: tulichofanyiwa. Kuandika kwanza kuna maana yake. Mkianza kwa kuongea, atasema mwenyekiti, wengine wataitikia. Ndiyo maana pia kikao kiongozwe na mtu wa tawi jingine. Mtu wa Tandika akaongoze Yombo, wa Yombo aje Tandika.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, kila karatasi ya refa igeuzwe. Nyuma yake iandikwe: ushahidi gani tunao, na akirudia tutafanya nini? Mgombea kaenguliwa, sawa. Nakala ya fomu tunayo? Kuna mtu wa pili aliyeikagua kabla haijarudishwa? Rufaa ilienda kwa maandishi, ndani ya muda, ikagongwa muhuri wa kupokelewa? Kama majibu yote ni ndiyo, hilo ni la refa, na mna faili la kupeleka kwa wanasheria wa chama. Kama ni hapana, kuna bao la kujifunga limejificha chini ya la refa.

Nne, chagueni mambo mawili tu ya mazoezi. Si kumi. Kila moja liwe na jina la mtu na tarehe. "Tuimarishe mawakala" hilo si jambo, ni dua. "Fulani atakuwa na orodha ya mawakala wa kila kituo, na namba zao, ifikapo Machi 31" hilo ni jambo.

Kanuni ni moja: tunajadili kitendo, hatumjadili mtu. Neno "msaliti" lisiingie ukumbini. Likishaingia, hakuna atakayesema tena kwamba wakala wake aliondoka saa sita kwa sababu hakuna aliyempelekea hata maji. Na huyo ndiye tunayemhitaji aseme. Vilevile, picha za karatasi zisirushwe kwenye grupu la wazi. Katibu ahifadhi.

Wapo watakaosema kujikosoa ni kumpa adui silaha. Tusidanganyane. Adui anaujua udhaifu wetu, ndiyo maana alipita hapohapo mara mbili. Asiyeujua ni kijana aliyejiunga mwaka huu, ambaye uchaguzi ujao tutamkabidhi kituo cha kura akakilinde.

Kudai tume huru na katiba mpya kunaendelea, na hatutakuacha. Ila kazi ile inamhusu refa. Hii ya tawi inatuhusu sisi, na haihitaji kibali cha mtu. Matawi ya Kinondoni na Temeke, Januari isiishe hamjakaa.