Seneta wa maisha aliyezaliwa Hewa Bora: Fizi ilipata nini?

BARAKA, FIZI. Pembeni ya ziwa hapa Baraka, na hata ng'ambo katika kambi ya Nyarugusu, bado wako watu wanaosema kwa majivuno kwamba Fizi ilitoa raisi. Wanamsema Joseph Kabila. Wasifu wake rasmi unasema alizaliwa tarehe 4 Juni 1971 Hewa Bora, katika milima ya Fizi, wakati baba yake akiwa maquis. Majivuno hayo yamedumu kupita kiasi. Kosa si mahali alipozaliwa, wala kabila la mama au la baba. Kosa ni kwamba wanainchi wa Fizi hawajawahi kupiga hesabu ya kile walichotoa na kile walichopata.

Hesabu inaanza na baba. Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wa vijana wenye silaha wa Balubakat huko Katanga mwaka 1960. Mwaka 1962 akaingia katika bunge la jimbo la Katanga ya Kaskazini. Hakukaa sana kwenye kiti. Vita vya 1964 vilipoanza alitumwa mashariki, na Fizi-Baraka ikawa ngome. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba zaidi ya mia moja walivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kusaidia. Walikaa miezi saba wakirudi mikono mitupu, na muda mwingi Kabila hakuwa pamoja na wapiganaji wake milimani. Mwaka 1967 alianzisha chama cha PRP, akatawala sehemu ya milima yetu kwa miaka mingi. Wazee wanajua nani alilima mihogo iliyolisha wapiganaji, nani alibeba mizigo, na dhahabu ilishuka kuelekea wapi.

Mwezi wa tano 1997 mtu huyo alifika Kinshasa. Mtu aliyewahi kukaa katika bunge la jimbo alifanya nini kuhusu bunge? Alijipa mwenyewe mamlaka ya kutunga sheria, akapiga marufuku shughuli za vyama, akatawala kwa amri. Bunge aliloliweka mwaka 2000 lilikuwa na watu 300 wa kuteuliwa. Hakuna mama wa Mboko wala mvuvi wa Sebele aliyepigia kura hata mmoja wao. Hapo ndipo somo la kwanza lilipo: anayefika kwenye madaraka kwa bunduki haoni kura kama deni. Anaiona kama zawadi anayoweza kuitoa au kuizuia.

Baada ya baba kuuawa, mwezi wa kwanza 2001, mtoto alichukua nafasi. Alikuwa na miaka 29, jenerali-meja, mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Hakuna aliyemchagua. Lakini mwaka 2006 alichaguliwa kweli, na haifai kusahau ni nani walimchagua. Kivu Kusini ilimpa kura nyingi mno, na Fizi ilikuwemo. Watu waliokuwa wametoka mafichoni walipanga mstari tangu alfajiri kwa sababu waliambiwa kwamba mtoto wa nyumbani ataleta amani. Akaahidi kazi tano kubwa: barabara na majengo, ajira, elimu, maji na umeme, afya.

Alikaa miaka 18. Anayetaka kuzipima kazi hizo tano apande gari la mizigo kutoka Uvira kuja Baraka wakati wa mvua, kwenye barabara ya taifa namba 5. Aone madereva wanavyolala njiani siku nzima wakisubiri matope yakauke. Kisha aende ziwani asubuhi awaone wasichana wakichota maji yale yale wanamofulia wengine, katika pwani ambako kipindupindu kinarudi kila mara. Hakuna haja ya takwimu kutoka Bukavu. Ndoo zinatosha kuwa ushahidi.

Na amani? Usiku wa mwaka mpya 2011, askari wa jeshi la taifa, jeshi ambalo yeye alikuwa amiri wake mkuu, waliwabaka wanawake hapo Fizi-centre na kupora nyumba. Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikuja kukaa Baraka, mbele ya watu. Wanawake walisimama na kusema. Tarehe 21 Februari 2011, luteni kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Siku ile Fizi ilipewa kitu cha kweli na taifa, na kilitoka kwa akina mama waliothubutu kusema na mahakimu waliokubali kusafiri. Hakuna mkubwa yeyote mzaliwa wa milimani aliyekileta.

Lakini Makobola, ambako mamia ya raia waliuawa kati ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, haikupata mahakama. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa ya makosa yaliyofanywa Kongo kati ya 1993 na 2003. Mtoto wa Hewa Bora alikuwa raisi. Mpaka anaondoka, mahakama maalumu ya kuhukumu makosa hayo haikuwa imeundwa.

Muda wake kwa sheria ulikwisha mwezi wa 12 mwaka 2016. Hakuondoka. Mwezi wa tisa 2017 muungano wa makundi ulioongozwa na William Amuri Yakutumba ulishambulia kuelekea Uvira, ukisema raisi hana tena haki ya kukaa. Jeshi likajibu. Waliolipa ni nani? Ni familia zilizopanda mitumbwi usiku kwenda Tanzania na Burundi mwanzoni mwa 2018. Mmoja alikataa kuacha kiti, mwingine akataka kumtoa kwa risasi, na kati yao alikuwa mama na watoto wanne na sufuria moja.

Alipokabidhi madaraka tarehe 24 Januari 2019 hakurudi kuwa raia wa kawaida. Katiba, kifungu cha 104, inasema raisi wa zamani aliyechaguliwa anakuwa seneta wa maisha. Ni mbunge asiyeomba kura, asiyetembelea kambi, asiyeulizwa swali na mtu yeyote mpaka kufa. Ni katiba hiyo hiyo aliyoitangaza mwenyewe tarehe 18 Februari 2006. Ndani yake kifungu cha 188 kinasema jeshi halina siasa na liko chini ya uongozi wa raia. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda au kulisha vikundi vya silaha, na kinaliita jambo hilo uhaini mkubwa.

Tarehe 22 Mei 2025 Seneti ilimuondolea kinga. Siku chache baadaye alionekana Goma, mji ulio mikononi mwa AFC/M23. Tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na makosa ya vita. Upande wake ulikataa kesi hiyo na kuiita ya kisiasa.

Wako wanaoshangilia hukumu hiyo Baraka, na wako wanaolia. Wote wamekosea. Hukumu ya mtu asiyekuwepo haimrudishi hata mkimbizi mmoja shambani kwake. Na machozi kwa ajili ya seneta ambaye hakuwahi kuzungumzia kisima cha Lubichako ni machozi ya bure.

Wengine watajibu: bila bunduki, Kinshasa haiisikii Fizi. Neno hilo linasemwa tangu 1964. Kama lingekuwa kweli, Fizi ingekuwa wilaya inayosikilizwa kuliko zote Kongo, maana hapa bunduki hazijawahi kukosa. Baada ya mapatano ya Pretoria ya 2002, Mai-Mai walipewa wabunge 10 na maseneta 4 katika bunge la mpito, bila kura. Viti vilikwenda kwa waliokuwa na wapiganaji. Ujumbe uliofika vijijini ukawa wazi: kijana akitaka kiti Kinshasa, akusanye kwanza vijana wenye silaha. Makundi yameongezeka tangu hapo, na kila mkubwa wa kundi anajiita sauti ya wananchi.

Hii haina maana kwamba askari hafai kutunga sheria. Katiba yetu, kifungu cha 108, inakataza mtu kuwa mbunge na askari kwa wakati mmoja, na sababu yake inaonekana kwa jirani. Uganda jeshi lina viti 10 bungeni. Mwaka 2005, bunge lilipoondoa kikomo cha mihula ya raisi, mbunge mmoja wa jeshi, kanali Fred Bogere, hakuunga mkono. Anakumbukwa mpaka leo kwa sababu alikuwa peke yake. Askari bungeni anasikia sauti ya mkubwa wake kabla ya sauti ya raia. Anayetaka kuwawakilisha watu avue magwanda kweli, asiache kikosi kikimsubiri msituni.

Basi uchaguzi ujao, familia zilizohama kutoka Itombwe, Lulenge, Ngandja au Minembwe, za kila kabila, zina haki ya kumuuliza kila mgombea maswali matatu kabla ya kupokea fulana na chumvi. Anamlipa au anamlisha mtu yeyote mwenye silaha? Atafanya nini ili aliyekimbia apige kura pale alipo, wakati mwaka 2023 Masisi na Rutshuru zilikosa uchaguzi kwa sababu ya vita? Na atarudi lini Baraka kutoa hesabu, siku gani, uwanja gani?

Asiyejibu aachwe aende zake, hata kama alizaliwa Hewa Bora.