Mkandarasi Akilipwa, Naye Alipe



Huenda ukashangaa kuona karani wa kilimo akiandika habari za wakandarasi katika gazeti la mbegu na mbolea. Nisikilize kwanza. Watu wanaokuja afisini kwetu kuomba wangojewe kidogo kulipia mbegu si wote walioharibiwa na ukame au viwavi. Wengine shamba lao halina kasoro yoyote. Pesa zao zimekaa kwa mkandarasi.

Wewe wa Shika Adabu wayajua haya kuliko mimi. Barabara ya Dongo Kundu, itokayo Miritini na kukutana na barabara ya Likoni na Lunga Lunga pale Kibundani, kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka wa 2018, na mwaka wa 2024 magari yakaanza kupita mpaka mwisho. Kazi kubwa namna hii, na majengo yanayoifuata, huzaa kazi ndogo nyingi: kuchimba mitaro, kuleta mawe, mchanga na kifusi, kupika chakula cha vibarua, kupanda nyasi kandoni ili udongo usichukuliwe na mvua. Mkandarasi mkubwa humpa mdogo sehemu ya kazi, na mdogo humpa mwingine, mpaka kazi imfikie mtu wa shamba. Naye huipenda, kwa kuwa huja wakati jembe limepumzika. Si vibaya. Mkulima mwenye akili hategemei mahindi peke yake.

Nitaeleza lililompata mkulima mmoja wa huku, na jina lake sitalitaja, wala la mkandarasi wake. Mzee huyu alipewa kuchimba mtaro wa maji kando ya njia ndogo ya kwenda shule. Mapatano yalikuwa ya mdomo: shilingi 340,000 kazi ikiisha. Siku ya kwanza alipokea 80,000. Akatafuta vijana 11, akawa anawalipa kila Jumamosi, na pesa zile zilipokwisha akauza ng'ombe wake wa maziwa ili vijana wasikose posho. Mtaro ukaisha, ukakaguliwa, ukasifiwa. Kisha mkandarasi akaacha kupokea simu. Mvua za mwaka zikanyesha, na ekari zake tatu zikabaki majani kwa kukosa pesa za trekta na mbegu.

Alikuja afisini na daftari la shule la mjukuu wake. Humo ameandika siku zote za kazi na majina ya vijana wote. Mimi niliyesomea ualimu nasema mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa makarani wengi. Lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja wenye sahihi ya mkandarasi.

Nikamwuliza, "Mzee, yeye mwenyewe amelipwa?" Akajibu, "Amelipwa, mwanangu. Waliompa kazi wameniambia hundi ilitoka mwezi wa Machi."

Hapo ndipo penye shauri langu. Wako wakandarasi wasiolipa kwa kuwa nao hawajalipwa. Serikali kuu na serikali za kaunti zina madeni mengi ya wakandarasi, na Msimamizi wa Bajeti huyataja katika taarifa zake za kila robo mwaka. Mkandarasi wa namna hiyo yumo katika taabu pamoja nasi, na kumnyang'anya leseni ni kama kumchinja ng'ombe kwa kuwa leo hakutoa maziwa. Wako pia wanaozuia pesa kwa sababu ya haki: mtaro umebomoka, mawe ni mabovu, au muda wa kungoja kasoro haujapita. Hao tuzungumze nao. Lakini yule aliyepokea hundi kwa kazi ya mikono yako, akaiweka katika biashara nyingine, huyo ndiye nasema atiwe adabu. Na adabu hiyo ipitie katika leseni yake, kwa maana deni moja la mahakamani aweza kulisahau, lakini bila leseni hapati kazi nyingine.

Chombo cha kufanya hivyo tunacho. Sheria ya mwaka wa 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kila mkandarasi huandikishwa huko katika ngazi moja kati ya nane, na leseni yake ni ya mwaka, huisha tarehe 30 Juni. Mamlaka ina uwezo wa kumsimamisha mkandarasi au kufuta jina lake katika daftari. Kanuni za mwaka wa 2014 ziliongeza kwamba kampuni ya kigeni iahidi kwa maandishi kushirikiana na wenyeji, au kuwapa sehemu ya kazi, isiyopungua asilimia 30 ya thamani yake. Hilo ni jema. Sheria ilijali kwamba mwenyeji apate kazi. Sasa ijali kwamba alipwe.

Jimbo la California kule Marekani limeandika jambo hili wazi katika sheria yake ya leseni. Mkandarasi mkubwa akipokea malipo ya sehemu ya kazi, ana siku saba tu kuwalipa wadogo zake, isipokuwa wameandikiana vingine. Akichelewa, hutozwa asilimia 2 kwa kila mwezi, na kosa hilo peke yake latosha kumfikisha mbele ya wanaotoa leseni. Wakibishana kwa nia njema aweza kuzuia pesa, lakini si zaidi ya mara moja na nusu ya kiasi kinachobishaniwa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka wa 1996, ilikataza katika mikataba ya ujenzi lile neno la "nitakulipa nikilipwa", isipokuwa mwenye kutoa pesa amefilisika.

Mimi naona sisi tungeanza na jambo dogo. Mkandarasi anapokwenda kuomba leseni mpya, aonyeshe karatasi zilizotiwa sahihi na watu aliowapa sehemu za kazi, kwamba katika pesa alizozipokea mwaka ule wamepata fungu lao. Asiyeweza aeleze sababu. Mara ya kwanza aonywe, mara ya pili asimamishwe mpaka alipe, mara ya tatu jina lifutwe. Wengine watasema kazi ya karatasi itaongezeka. Mimi ni karani, karatasi hazinitishi.

Lakini sitakuficha kwamba na sisi tuna makosa. Sheria yataka kila anayefanya biashara ya ukandarasi awe ameandikishwa, na wengi wetu hatujaandikishwa. Ndiyo maana mtu akidhulumiwa huogopa kulalamika, asije akaulizwa na yeye leseni yake iko wapi. Tena, ukishapewa sehemu ya kazi na kuajiri vijana, wewe umekuwa mwajiri. Kibarua wa siku ni haki yake kulipwa jioni ile, hata kama wewe hujaona senti. Mzee wetu alilijua hilo, na ng'ombe wake akaenda.

Basi kabla ya kushika sururu, omba barua yenye jina la kampuni, namba yake ya uandikishaji, bei, na siku ya kulipwa. Kila lori la mchanga unaloshusha, anayepokea atie sahihi. Ukidhulumiwa na deni halizidi shilingi 1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo hapo Mombasa, iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2016. Huhitaji wakili, na sheria yasema hukumu itolewe katika siku 60. Vijana wa kibarua waende kwa Afisa wa Kazi.

Mzee yule tulimsaidia kuandika madai yake, na vijana wanne wamekubali kuwa mashahidi. Barua ya pili tuliiandikia Mamlaka, pamoja na nakala za daftari la mjukuu, tukaomba jibu kwa maandishi. Ikiwa nawe una deni la namna hii na wajua kwamba mkandarasi wako amekwisha kulipwa, njoo afisini Jumanne au Alhamisi asubuhi pamoja na karatasi zako zote, hata zilizochanika. Usingoje mwezi wa Juni uishe. Barua ikifika mwezi wa Mei, itakuwa mezani kabla hajaenda kuomba leseni ya mwaka mwingine.