Mwakilishi Mwenye Mtu Ndani

Mtu anayetafuta wa kumsemea katika ofisi ya mafao aghalabu haulizi kama huyo atakayemsemea anaijua sheria, wala kama ana desturi ya kuhifadhi vyema karatasi za watu, wala kama amewahi kushitakiwa kwa udanganyifu. Huuliza kama ana mtu ndani. Akiambiwa kwamba bwana yule huingia kwa makarani bila kupanga foleni, huwaita kwa majina ya watoto wao, na siku ya sikukuu hawasahau, basi moyo humtulia, akaona kwamba shauri lake limekwisha nusu. Mimi nashika kauli iliyo kinyume cha hiyo: kwamba katika makosa yote ambayo mwakilishi aweza kuyatenda mbele ya watumishi wa serikali wanaopima haki za wazee, wajane, mayatima na walemavu, urafiki wa aina hii ndio wenye madhara makubwa, kupita hata matusi na vitisho, na kwamba adili ya kazi ya uwakilishi haina budi kuanzia hapo.

Nchi iliyoliandikia jambo hili kanuni kwa urefu ni Marekani. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilitiwa saini huko na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, na malipo ya ulemavu yakaongezwa mwaka 1956. Na kwa kuwa kuthibitisha kwamba mgongo ulioumia machimboni hauwezi tena kubeba mzigo ni kazi ya vyeti vya matabibu, fomu nyingi na kungoja kwingi, watu walizoea kuweka wawakilishi, wengine mawakili, na wengine watu wasio mawakili ambao sheria yawaruhusu maadamu wana tabia njema. Mwaka 1998 Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ikawawekea wote hao kanuni za mwenendo. Mwakilishi ameamriwa kuleta ushahidi mapema, na tangu 2015 ni wajibu kuleta ushahidi wote, unaomfaa mdai na usiomfaa. Amekatazwa kumtisha au kumhadaa anayemwakilisha, kusema uongo, kuchelewesha shauri bila sababu, na kutoza ujira ambao haukuidhinishwa. Kwa mapatano ya kawaida ujira huo hauzidi asilimia 25 ya malimbikizo ya malipo, wala hauzidi kikomo cha fedha, ambacho Novemba 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Na mintarafu ya watumishi wenyewe, kanuni zakataza mambo mawili: maneno, ishara au vitendo vya kumtisha mtumishi, hakimu au shahidi, na kumpa yeyote kati yao mkopo, zawadi, burudani au kitu chochote chenye thamani ili kuugeuza uamuzi. Anayevunja kanuni hizi aweza kusimamishwa kwa mwaka mmoja hadi mitano, au kuondolewa kabisa katika kazi hiyo.

La kwanza katika mawili hayo halina haja ya maelezo mengi. Karani wa dirishani hakuitunga sheria anayoitekeleza, na mwakilishi anayemfokea mbele ya umati huondoka akijiona shujaa, akamwacha mteja wake mikononi mwa mtu aliyevunjiwa heshima. Lakini ukali huo angalau waonekana. Mkuu wa ofisi husikia, mteja naye husikia, na kila mmoja aweza kulalamika. La pili halisikiki, kwa sababu wanaolitenda wote wawili wamo katika furaha, na anayedhulumiwa hayumo chumbani.

Tazama yaliyotokea mashariki ya Kentucky, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe. Katika kijiji cha Stanville alikuwako wakili jina lake Eric Conn, ambaye ofisi yake ilikuwa na sanamu kubwa ya Abraham Lincoln, na ambaye alijitangaza kuwa yeye ndiye Bwana Hifadhi ya Jamii, na watu maskini wa majimbo yale wakamwendea kwa wingi kwa sababu mashauri yake hayakushindwa. Hayakushindwa kwa kuwa alikuwa na mtu ndani. David Daugherty, hakimu wa mashauri ya ulemavu katika ofisi ya Huntington, West Virginia, alikuwa akiyachukua majalada ya wateja wa Conn, hata yaliyokwisha kupangiwa mahakimu wengine. Kila mwezi akawa anapeleka kwa wakili orodha ya majina, na kando ya kila jina akataja kama zatakiwa karatasi za maradhi ya mwili au za maradhi ya akili. Matabibu wa Conn wakatia saini fomu zilizokwisha kujazwa majibu, na hakimu akatoa hukumu ya kumpa mdai haki, mara nyingi bila hata kumwita amtazame. Kwa kazi hiyo Conn alimlipa, kati ya 2004 na 2011, zaidi ya dola 600,000.

Waliong'amua hila hii ni makarani wawili wa ofisi ile ile, Jennifer Griffith na Sarah Carver, waliokuwa wakiona kwa macho yao jinsi majalada yanavyohamishwa na jinsi hukumu za wakili mmoja zinavyotoka kwa wepesi usiokuwa wa kawaida. Walisema kwa wakubwa wao, na malipo ya kusema kwao yakawa ni kuandamwa. Mkuu wa mahakimu wa ofisi hiyo, Charlie Andrus, alikiri mwaka 2016 kwamba alikula njama na Conn ili Carver afuatwe na kupigwa picha siku alizoruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, apatikane na kosa la utoro na kauli yake isisadikiwe tena. Hapa ndipo napenda msomaji atue kidogo. Husemwa kwamba mwakilishi mwenye marafiki ofisini huleta maelewano baina ya umma na watumishi. Conn alikuwa na urafiki na wakubwa wawili, na kwa urafiki huo akawa adui wa kila karani mwaminifu aliyekuwamo katika jengo lile. Haiwezekani kumpa hongo mtumishi mmoja bila kumtia mwenzake wa meza ya pili katika hatari, kwa maana yule asiyepokea huwa shahidi, na shahidi hana budi kunyamazishwa.

Gazeti la Wall Street Journal lililifichua jambo hili mwaka 2011, Seneti ikatoa taarifa yake mwaka 2013, na mwaka 2017 Conn akakiri makosa yake, akakata kifaa cha kumfuatilia alichofungwa mguuni na kutoroka, akakamatwa Honduras mwezi wa Desemba. Vifungo vyake kwa jumla vilifika miaka 27, na Daugherty alihukumiwa minne. Ilikadiriwa kwamba hila ile ingeigharimu serikali zaidi ya dola milioni 550.

Lakini adhabu nzito haikuwashukia wao kwanza. Mwezi wa Mei 2015, Conn akiwa bado huru, Mamlaka iliwaandikia barua wateja wake wa zamani, watu zaidi ya 1,700, kuwaambia kwamba haki zao zitapimwa upya, na kati yao kiasi cha 900 wakaambiwa kwamba malipo yao yamesimama tangu siku hiyo. Ilimlazimu mbunge wao, Hal Rogers, kuwaombea ndipo usimamishaji ule ukaahirishwa. Hao walikuwa wachimbaji waliovunjika viungo, wanawake wenye maradhi yasiyopona, watu ambao wengi wao hawakujua kabisa kwamba fomu iliyowapa riziki ilijazwa kabla tabibu hajawagusa. Magazeti ya huko yaliandika habari za waliojitoa uhai. Walipoitwa kupimwa upya, vyeti vya matabibu wa Conn vilitupwa, wala hawakupewa nafasi ya kuthibitisha kwamba cheti chao wao kilikuwa cha kweli, na miaka kumi ilikuwa imepita, hospitali nyingine hazina tena kumbukumbu. Mamia wakapoteza malipo. Novemba 2018 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita ikaamua kwamba kuwanyima nafasi hiyo kulikuwa kinyume cha haki, lakini kwa wengine insafu hiyo ilifika wakati nyumba imekwisha kuuzwa.

Kwetu Tanzania hatuna wakili mwenye sanamu, tuna kishoka, mwakilishi asiye rasmi. Mjane ameketi katika benchi la ofisi ya mafao, mkobani ana hati ya kifo cha mumewe, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi ya mahakama ya mwanzo iliyomteua msimamizi wa mirathi. Jina la marehemu katika cheti kimoja lina herufi moja zaidi kuliko katika barua ya ajira, na kwa herufi hiyo moja jalada limerudishwa. Dawa yake ni hati ya kiapo, shughuli ya asubuhi moja. Lakini bwana mmoja mwenye kabrasha kwapani amwinamia na kumnong'oneza, “Mama, ofisa anataka asante, nami namjua,” na mjane akatoa fedha za karo ya mtoto, asijue kamwe kama ofisa aliitaka asante ile ama jina lake limeuzwa tu bila habari yake. Huko kuuza jina la mtumishi mwaminifu ni dhuluma juu ya mjane na juu ya mtumishi pia, na sijaona mahali petu palipoandikwa waziwazi kwamba ni kosa la mwenendo wa mwakilishi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji. Wakili ana chama chake na kanuni zake. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambayo yataka msaada huo uwe bila malipo. Kishoka hayumo katika daftari la yeyote.

Nitaambiwa kwamba bila kujuana jalada hulala. Ni kweli kwamba majalada hulala, na mstaafu aliyetumikia serikali miaka thelathini hastahili kuambiwa “njoo kesho” mara kwa mara. Lakini jalada linaloamshwa kwa urafiki huamshwa juu ya mgongo wa jingine, na kila mara dawa hii inapotumika, ofisi hupata sababu moja zaidi ya kuyalaza yasiyo na rafiki. Mwakilishi mwenye adili huandika barua yenye tarehe, hudai jibu la maandishi, na likichelewa hupanda kwa mkubwa wa ofisi kwa staha, na kutoka hapo kwenda mahakamani.

Hatari ya kumwachia mwakilishi mmoja kila kitu yawagusa pia ndugu zetu wa Kongo wasemao Kiswahili waliohamia Marekani kwa ukimbizi, ambao aghalabu humfanya jirani ajuaye Kiingereza kuwa mkalimani na mwakilishi kwa pamoja. Mamlaka ya huko hutoa mkalimani bila malipo kwa anayeomba, na afadhali aombwe, kwa maana aliyezishika kazi zote mbili ndiye masikio na kinywa cha mzee yule, na hakuna wa kumsahihisha.

Naomba basi mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, ule wa watumishi wa umma uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa minne na ule wa sekta binafsi, iandike kanuni zake za wawakilishi na kuzibandika ukutani kwa Kiswahili chepesi: kila mwakilishi aandikishwe kwa jina na kwa hati aliyotiliwa saini na mwenye haki, ujira wake uwekewe kikomo na uonekane katika jalada, zawadi iwe marufuku hata ya mkono wa sikukuu, mwenye haki apelekewe yeye mwenyewe nakala ya kila barua, hata kama ana mwakilishi, na karani anayetoa taarifa ya hila alindwe jina na kazi yake. Na siku mfuko utakapogundua kwamba mwakilishi amepenyeza karatasi ya uongo, usisimamishe malipo ya mjane kabla ya kumwita, kumwonyesha karatasi hiyo kwa macho yake, na kumpa muda wa kutosha wa kuleta nyingine.